POSADA: MCHORAJI WA MIFUPA ALIYEKOSA KABURI

Fulana yenyewe niliinunua katika soko la mitumba la Gikomba, jijini Nairobi. Ilikuwa nyeusi, na kifuani ilikuwa na picha ya fuvu la mwanamke linalocheka, limevalishwa kofia pana iliyojaa maua na manyoya ya mbuni. Niliipenda kwa sababu ya ile kofia. Jumapili iliyofuata nikaivaa kwenda kumwamkia mama mzazi huko mashambani, kumbe nimekosea. Hakunipa hata mkono. Aliniambia niivue kabla sijavuka kizingiti, kwani yeye hakumzaa mtu wa kutembea na maiti kifuani. Ilinibidi niigeuze, upande wa ndani utokeze nje, ndipo nikapewa chai.

Sikumlaumu. Katika nyumba niliyolelewa habari za wafu zilizungumzwa kwa sauti ya chini, na mtoto aliyecheka matangani alichapwa. Lakini niliporudi mjini ile picha haikunitoka akilini. Mtu wa kulichora fuvu likicheka, tena kwa kofia ya mwanamke tajiri, lazima alikuwa na neno alilotaka kulisema. Nikaanza kumtafuta vitabuni, na nilipompata niliona haya kidogo, maana alikuwa mwenzetu wa kazi ya magazeti nami sikuwahi hata kumsikia.

Jina lake ni José Guadalupe Posada, wa nchi ya Meksiko. (Hilo José, msomaji, wenyewe hulitamka Hosé.) Alizaliwa tarehe 2 Februari, 1852, katika mtaa wa San Marcos, mjini Aguascalientes, jina ambalo maana yake ni maji ya moto. Baba yake, Germán, alikuwa mwokaji mikate, na mama yake aliitwa Petra Aguilar. Hawakuwa watu wa mali. Aliyemfunza kusoma na kuandika ni kaka yake Cirilo, mwalimu wa shule, na inasemekana kwamba kijana alipoachiwa kuwaangalia wanafunzi wadogo, yeye alikaa akiwachora.

Alipopata umri wa miaka 16 hivi aliingia uanagenzi kwa mpiga chapa mmoja wa mji huo, Bw. José Trinidad Pedroza. Siku hizo picha zilichorwa juu ya jiwe laini kwa wino wa mafuta, kisha zikachapwa kutoka kwenye jiwe hilo hilo. Mwaka 1871 Bw. Pedroza alitoa kijigazeti cha kejeli kilichoitwa El Jicote, yaani Nyigu, na Posada, kijana wa miaka 19, ndiye aliyekitilia vibonzo. Nyigu alimuuma mkubwa wa siasa wa mahali pale, Bw. Jesús Gómez Portugal, na wafuasi wake. Gazeti halikupita matoleo machache. Mwaka uliofuata mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa wamehamia mji wa León, katika jimbo la Guanajuato. Wengi husema ni vibonzo vile vilivyowahamisha, nami naona ni jambo la kuaminika. Mchoraji wa vibonzo aghalabu huwa na sanduku lililokwisha kufungwa.

Huko León alikaa miaka 16, na kwa kweli hakuna mengi ya kusimulia. Alioa mwaka 1875, mkewe akiitwa María de Jesús Vela. Alichapa picha za watakatifu, karatasi za kubandika juu ya paketi za sigara na viberiti, na kadi za sherehe. Alifundisha uchapaji wa mawe katika shule ya sekondari. Pengine angezeekea humo akiwa mwalimu mwenye heshima zake, lakini mwezi wa Juni 1888 mto ulifurika ukaubomoa mji, watu wengi wakafa, na kabla mwaka haujaisha Posada alikuwa katika jiji kuu, Mexico City, akitafuta kazi. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Hapo ndipo maisha yake yaanzapo hasa.

Nchi ilikuwa mikononi mwa Jenerali Porfirio Díaz, aliyetwaa madaraka mwaka 1876 na ambaye, ukiacha miaka minne tu, hakuyaachia hadi 1911. Chini yake reli zilienea, taa za umeme zikawaka, na matajiri wa jiji wakawa wanajenga, wanavaa na kula kama watu wa Paris. Wakati huo huo walio wengi walikuwa vibarua wa mashamba makubwa au walalahoi wa mijini, na wengi mno miongoni mwao hawakujua kusoma.

Bw. Antonio Vanegas Arroyo aliona kwamba hata asiyejua kusoma ana senti moja mfukoni, na anataka habari kama mtu mwingine yeyote. Tangu 1880 alikuwa na duka la kuchapa vitu vya bei rahisi: sala, nyimbo, vitabu vya mapishi, barua za mapenzi zilizokwisha kuandikwa ili mwenye haya akanakili tu, michezo ya watoto, na zaidi ya vyote, karatasi moja moja za habari. Zilichapwa juu ya karatasi hafifu, ya kijani, ya waridi au ya manjano, na kuuzwa kwa senti moja au mbili. Wachuuzi walizipeleka masokoni, minadani na kwenye sikukuu za watakatifu, wakazitangaza kwa sauti na wakati mwingine kuziimba kwa gitaa, kwa kuwa habari nyingi zilitungwa kwa mashairi yaitwayo corrido, ambayo ni kama tenzi fupi za visa vya kweli. Gazeti moja la Bw. Vanegas Arroyo, Gaceta Callejera, yaani Gazeti la Mitaani, halikuwa na siku maalumu ya kutoka. Lilitangaza wazi kwamba litachapwa pale tu jambo la kusisimua litakapotokea. Kusema kweli niliwaonea wivu wahariri wake.

Mtu asiyesoma hununua karatasi kwa picha yake, na picha zilikuwa za Posada. Alikuwa na karakana yake ndogo karibu na makao makuu ya serikali, na alichora chochote alicholetewa na kwa yeyote aliyemletea: mauaji, tetemeko la ardhi, watu waliopigwa risasi na askari, mng'ombe aliyemshinda mcheza naye uwanjani, miujiza ya Bikira, ajali za tramu za umeme, nyota yenye mkia ya Halley iliyowatia watu hofu mwaka 1910. Kwanza alichonga kwa kisu cha chuma juu ya bamba la madini ya herufi, yale yaliyochanganywa na risasi. Baadaye akapata njia ya haraka zaidi: alichora moja kwa moja juu ya bamba la zinki kwa wino usioliwa na tindikali, kisha akalichovya bamba, tindikali ikala pembeni na mistari ikabaki imeinuka, tayari kuchapwa pamoja na maneno. Habari ya asubuhi iliweza kuwa sokoni jioni.

Alifanya kazi mbele ya dirisha, na wapita njia walimwona. Mmoja wao alikuwa mtoto wa shule aliyeitwa José Clemente Orozco. Alikuwa akisimama pale kila anapokwenda na kurudi, akimkodolea macho, na wakati mwingine alijitia ujasiri akaingia kuokota vinyuzi vya madini vilivyoanguka chini. Orozco alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa nchi hiyo, na akaandika mwenyewe kwamba hapo dirishani ndipo alipoamka kisanaa. Diego Rivera, aliyekuja kuwa maarufu kumpita, naye alidai kuwa Posada alikuwa mwalimu wake. Hili mimi nalipokea kwa tahadhari, kwa sababu Rivera alikuwa bingwa wa kutia chumvi katika hadithi za maisha yake.

Mtu aliyenunua karatasi za Posada aliishije? Mara nyingi katika vecindad, yaani vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja wenye bomba moja na choo kimoja. Sisi hapa Kenya tungesema anakaa ploti. Chakula chake kilikuwa mahindi. Mkewe aliyachemsha pamoja na chokaa, akayalaza usiku, na alfajiri akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasaga, akatandaza kwa viganja na kuchoma juu ya kikaango bapa. Hizo ndizo tortilla, mkate ulio mwembamba kama chapati, zikaliwa kwa maharage na pilipili. Siku ya karamu unga huo huo ulifungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke, ukaitwa tamal. Asubuhi ya baridi palikuwa na atole, ambayo haina tofauti kubwa na uji wetu.

Na hapa wacha niseme jambo wengi wetu hatulikumbuki. Mahindi hayo yalikuwa yao kabla hayajawa yetu. Wakulima wa kusini mwa Meksiko waliyatoa kwenye jani la mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita, na dunia hii yetu haikuyaona hadi Wahispania walipofika ng'ambo ile na kuyavusha bahari. Pilipili na nyanya vilifuata njia hiyo hiyo, na avokado vilevile. Hata mkonge wa mashamba ya Tanga na Thika asili yake ni huko. Jamaa yake mwingine ndiye anayekamuliwa utomvu ukachachushwa kuwa pulque, pombe ya mnyonge wa Mexico City, ambayo watu wa Posada waliinywa kwa mitungi.

Sasa turudi kwenye fuvu.

Kila mwaka tarehe 1 na 2 Novemba, siku ambazo Wakatoliki kila mahali huwakumbuka watakatifu na marehemu, Wameksiko huamini kwamba wafu wao wanakuja kutembea nyumbani. Tarehe 1 ni ya watoto waliokufa, tarehe 2 ni ya watu wazima. Nyumbani hupangwa meza: picha ya marehemu, mshumaa, chumvi, bilauri ya maji kwa kuwa ametoka mbali na ana kiu, na chakula alichokipenda, iwe ni kuku katika mchuzi mzito wa pilipili uitwao mole, iwe ni sigara na chupa ya tequila. Waokaji, kama alivyokuwa baba yake Posada, huwa na msimu wao mkubwa, maana lazima pawe na mkate wa wafu, wa mviringo na mtamu, wenye vinyundo vya unga juu yake mfano wa mifupa. Watoto hununuliwa mafuvu ya sukari. Maua ya rangi ya chungwa yaitwayo cempasúchil hutawanywa kutoka mlangoni hadi mezani ili mgeni asipotee kwa harufu yake, na makaburi husafishwa, yakapambwa, na watu wakakesha hapo kwa nyimbo na chakula.

Hufukizwa pia copal. Msomaji wa Pwani ataijua, kwani ni jamaa ya sandarusi iliyochimbwa zamani katika mwambao wetu na kusafirishwa kutoka Unguja kwenda kutengenezea vanishi. Wafanyabiashara wa Ulaya waliiita sandarusi yetu copal, na neno hilo walilitoa kwenye lugha ya Waazteki.

Sehemu ya desturi hizi ni ya kabla ya Wahispania na sehemu ilikuja na mapadri wao, na wataalamu hawajaacha kubishana ni ipi ni ipi. Mimi nilichovutiwa nacho ni kicheko. Magazeti ya Meksiko siku hizo huchapa mashairi ya mzaha yaitwayo calavera, yaani fuvu, ambamo watu walio hai, mawaziri, waigizaji, hata jirani wa mtunzi, husimuliwa kana kwamba wamekwisha kufa, na makosa yao yakatajwa juu ya makaburi yao. Kwa siku moja mnyonge anaruhusiwa kumzika mkubwa.

Bw. Vanegas Arroyo alikuwa akitoa karatasi hizo kila Novemba, na kabla ya Posada alikuwa na mchongaji mwingine hodari, Manuel Manilla, aliyekwisha kuchonga mifupa. Kwa hiyo si kweli kwamba Posada ndiye aliyeianzisha. Lakini katika mikono yake mifupa ilianza kuishi. Inapanda baiskeli. Inacheza ngoma ya jarabe, vinubi vikipigwa na pombe ikimiminwa. Inavaa kofia ya mkulima na kubeba bunduki, kwa kuwa mwaka 1910 mapinduzi yalianza, na Bw. Francisco Madero na Jenerali Zapata nao wakaingia katika orodha ya mifupa. Ukiiondoa kofia yake, jenerali hana tofauti na mfagiaji.

Katika miaka yake ya mwisho ndipo alipochonga yule mwanamke wa fulana yangu. Jina lake la kwanza halikuwa lile analojulikana nalo leo. Karatasi iliyomtoa mwaka 1913 ilimwita Garbancera, yaani muuza dengu. Hilo lilikuwa jina la kuwasuta watu wenye damu ya Kihindi ya nchi ile, ambao wakipata kazi mjini huanza kujipaka poda, kuvaa kofia za Kifaransa na kuikana asili yao. Ukitazama vizuri utaona mchoro wa Posada hauna nguo hata moja. Kuna fuvu, kuna meno, kuna kofia kubwa ya manyoya, basi. Yote aliyokuwa nayo ameyaweka kichwani.

Posada hakuishi kuona alichokizaa. Tarehe 20 Januari, 1913, alifariki kwa ugonjwa wa matumbo katika chumba cha kupanga mtaani Tepito, akiwa na umri wa miaka 60. Waliokwenda kuandikisha kifo chake walikuwa majirani, na baadhi yao hawakujua kutia sahihi. Akazikwa katika makaburi ya Dolores, katika daraja la sita, lile la bure, ambalo mtu hukaa miaka saba. Miaka saba ilipokwisha hakuna aliyekuja kumdai. Mifupa yake ikafukuliwa na kutupwa katika shimo la pamoja na mifupa ya wengine wasiokuwa na wenyewe. Mtu aliyewachorea Wameksiko mifupa yao yote, yake haijulikani ilipo.

Mabamba ya zinki yalibaki dukani kwa Vanegas Arroyo yakiendelea kuchapwa, bila watu kuuliza ni kazi ya nani. Mwaka 1921 aliwasili nchini humo mchoraji kijana kutoka Ufaransa, Jean Charlot, aliyeziona karatasi hizo zikiuzwa mitaani, akaulizia, na mwaka 1925 akaandika makala ya kumtambulisha Posada. Kitabu kikubwa cha picha zake kilitoka mwaka 1930, na dibaji yake iliandikwa na Rivera.

Rivera huyo huyo ndiye aliyemvalisha yule mwanamke. Mwaka 1947, katika hoteli moja kubwa ya Mexico City, alichora ukutani picha ndefu ya watu wa historia ya nchi wakitembea Jumapili katika bustani ya Alameda. Katikati yao alimweka Garbancera, akampa mwili, gauni refu, na skafu ya nyoka mwenye manyoya. Jina la Catrina, yaani mwanamke mtanashati, likamganda tangu hapo. Mkono mmoja amemshika Rivera akiwa mtoto, na upande wa pili, mkononi mwake, yumo mzee mmoja aliyevaa suti nyeusi na kofia: ndiye Posada. Tetemeko la mwaka 1985 liliharibu hoteli hiyo lakini picha ikaokolewa, na sasa ina jumba lake.

Aguascalientes wana makumbusho yake tangu 1972. Siku za wafu za Meksiko ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, na baada ya filamu moja ya James Bond ya mwaka 2015 kuonyesha gwaride la mafuvu ambalo halikuwapo, wenye jiji waliona afadhali walianzishe, na tangu 2016 linafanyika. Catrina yuko kwenye vikombe, mikoba na fulana, anauzwa kwa watu ambao Posada angewachonga kofia. Mojawapo ya fulana hizo ilivaliwa na mtu fulani ng'ambo, ikamchosha, ikafungwa robotani, ikanifikia mimi.

Nilirudi kwa mama nikamsimulia haya yote, na alisikiliza akichambua maharage. Habari za gwaride hazikumgusa. Meza ya chakula cha marehemu aliiona ni gharama, ingawa aliuliza mkate unaokwa kwa viungo gani. Alichokirudia ni ile miaka saba; alitaka kuwa na hakika kwamba amesikia vizuri. Nikamwambia ndiyo, ni saba. Akasema basi fulana niivae, lakini si siku ya kwenda kanisani.